Ganda la Kirusi na Lugha ya Kulieleza

Tarehe 13 Septemba 2019, Kenya ilizindua chanjo ya malaria iitwayo RTS,S katika Kaunti ya Homa Bay. Migori nayo ilikuwa miongoni mwa kaunti nane zilizoteuliwa kwa mpango huo wa majaribio. Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto wanaoishi penye maambukizi mengi.

Ajabu ya chanjo hii imo katika umbo lake. Wanasayansi walimwiga adui mwingine: walichukua protini ya ganda la kirusi cha homa ya ini aina ya B, wakaiunganisha na kipande cha protini ya kimelea cha malaria, wakaitengeneza ndani ya hamira. Protini hizo hujikusanya zenyewe na kuwa vijipira mithili ya kirusi, ilhali ndani hamna cha kuzaliana. Mwili huviona, hudhani umevamiwa, kisha huunda kingamwili za kukinasa kimelea kabla hakijafika kwenye ini.

Je, mama wa Migori ataelezwaje haya? Anayeviita vijipira hivyo "virusi bandia" amekosea, kwani bandia ni noti ya ulaghai na dawa ya kughushi. Mzazi akisikia hivyo, ana haki ya kumbeba mwanawe na kuondoka. "Ganda la kirusi" ni bora zaidi: ganda tupu la yai haliangui kifaranga.

Wapo watakaodai kuwa Kidholuo na Kikuria vinatosha. Nyumbani, naam. Hata hivyo, Migori ni ya Waluo, Wakuria, Wasuba na wengineo, na muuguzi ni mmoja. Kiswahili ndicho daraja. Wala hakikosi uwezo: neno "chanjo" lenyewe latokana na kuchanja ngozi, likahamia kwenye sindano bila kuyumba.

Jambo hili si la wanaisimu pekee. Ratiba ya uzinduzi ilitaka dozi nne, katika miezi 6, 7, 9 na 24. Tena chanjo haizuii malaria yote. Chandarua bado chahitajika. Mama asiyeelewa hayo atavunjika moyo mtoto akiugua, na dozi ya nne hatairudia.

Idara za Kiswahili vyuoni hazina budi kuketi na wauguzi, istilahi zipimwe kliniki kabla ya kuingizwa kamusini. Wahenga walinena: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Sayansi imekwisha kuleta kinga yake. Ya lugha ingali inasubiriwa.