Mgeni ametoka kupiga mbizi jana, leo tunampandisha mlima

Mimi ni mwongoza watalii wa njia ya Marangu, Mlima Kilimanjaro, na kwangu ni Himo, pale barabara ya Taveta inapoachana na ile inayopanda mlimani. Nina ombi kwa waongozaji wenzangu, kwa kampuni zinazouza safari na kwa KINAPA, wasimamizi wa hifadhi ya mlima: mgeni asianze kupanda kabla hajaulizwa mara ya mwisho alipiga mbizi lini.

Wageni wengi hupanda mlima kwanza, kisha wakamalizia Zanzibar kupumzika, na huo ndio mpango mzuri. Lakini wapo wanaoanza na bahari. Asubuhi mtu yuko Mnemba na mtungi wa hewa mgongoni, jioni ndege inamshusha uwanja wa KIA, analala Moshi, na kesho yake saa tatu asubuhi yuko getini Marangu anajaza kitabu cha wageni. Nimewaona wakiandika majina yao huku mkononi bado wamevaa kompyuta ya kupigia mbizi, ile inayofanana na saa nene. Kwenye kioo chake kuna alama ndogo ya ndege, na pembeni yake saa zilizobaki kabla ya kuruhusiwa kuruka. Ukimwuliza, anajibu kwamba hayo ni mambo ya ndege, na yeye ndege ameshashuka.

Jibu hilo linanitisha. Mwili haujui ndege wala mlima, unajua mgandamizo wa hewa tu. Mtu akiwa mita 10 chini ya maji ya bahari, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa ufukweni, na naitrojeni iliyomo katika hewa anayovuta huyeyuka kwa wingi kwenye damu na nyama za mwili. Akitoka majini humtoka polepole kwa pumzi, saa baada ya saa. Akiwahi kwenda penye hewa nyepesi kabla haijamtoka, inageuka viputo humo humo mwilini. Mwanasayansi Mskoti John Scott Haldane alilieleza jambo hili mwaka 1908 baada ya majaribio aliyofanya kwa mbuzi, na majedwali ya wapiga mbizi yalianzia hapo.

Sasa tazama urefu wenyewe. Hewa ndani ya ndege kubwa ya abiria hulinganishwa na ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Geti la Marangu peke yake liko mita 1,800 na ushei. Kambi ya Mandara iko mita 2,720, Horombo 3,720. Paketi ya krispi iliyonunuliwa Himo ikifika Horombo imevimba, imekaza, inakaribia kupasuka. Wageni hucheka wakaipiga picha. Hewa iliyoivimbisha paketi ile ndiyo hiyo hiyo inayomzunguka mtu ambaye juzi alikuwa chini ya bahari.

DAN, shirika la kimataifa la usalama wa wapiga mbizi, linashauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka kama ulipiga mbizi moja ya kawaida, angalau 18 kama zilikuwa kadhaa au za siku mfululizo, na zaidi ya hapo kwa mbizi nzito za kupanda kwa vituo. Saa hizo zimepangwa kwa ajili ya ndege, na hakuna ndege ya abiria inayomlaza mtu kwenye hewa ya Horombo. Kwa mlima mimi nasema akae chini siku mbili kamili, na wa mbizi nzito amwone daktari kwanza.

Ndiyo maana nawaambia wanaokwenda kuzamia kwamba kifaa cha kuchagua kwa makini ni kompyuta, kabla ya miwani na mapezi yanayopendeza. Iwe yako peke yako. Mwenzako anaweza kuwa alishuka mita kadhaa zaidi yako, na saa zake si zako. Usiibadilishe katikati ya wiki, maana nyingine haijui ulichofanya jana. Kama ni ya kukodi, piga picha kioo chake kabla ya kuirudisha dukani Nungwi. Regyuleta nayo, ile ya kuvutia hewa ya mtungi, ivute mara kadhaa ukitazama geji: sindano ikicheza, huenda valvu ya mtungi haikufunguliwa vizuri. Hewa ikinuka moshi au mafuta, rudisha mtungi, usibishane na mtu.

Mlimani maradhi haya ya viputo yanaweza kujificha. Mgeni akilalamika kichwa na kizunguzungu, sisi hudhani ni urefu, tunampa maji, wengine wanakimbilia Diamox, dawa ya ugonjwa wa urefu. Diamox haiondoi viputo. Maumivu ya bega au goti bila kuanguka, ganzi, miguu kukosa nguvu, kushindwa kukojoa: kwa mtu aliyetoka kupiga mbizi, hayo yanataka oksijeni, kushushwa mara moja, na daktari aambiwe wazi kwamba huyu alikuwa chini ya maji. Asiyeuliza getini hatakuwa na la kumwambia daktari.

Hata Ziwa Chala letu limo katika hesabu hii. Uso wake uko zaidi ya mita 800 juu ya bahari, na majedwali ya baharini hayatumiki yalivyo penye urefu huo.

Najua kinachowazuia wenye kampuni. Mgeni akisema getini "jana", vyumba vya kambini vimeshalipiwa, wapagazi wamesimama na mizigo, na hakuna anayetaka kurudi Moshi. Kwa hiyo swali liwe kwenye fomu ya kuombea safari, wakati ambapo kutanguliza mlima na kumalizia bahari hakumgharimu mtu chochote, na kitabu cha getini kiongezewe safu moja kwa ajili ya aliyepitwa. Huyo naye asikate tamaa: siku mbili za kusubiri aende chemchemi za Kikuletwa akaogelee, au azunguke kingo za Chala kwa miguu. Maporomoko ya Materuni yamsubiri, maana nayo yako juu.