Bwana Martin, usitupe tarehe

Hapa Skuta kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko maswali yote ya kompyuta: "Kile kitabu kimetoka?" Hakuna anayehitaji kutaja jina. Kitabu chenyewe ni The Winds of Winter, cha sita katika mfululizo wa George R. R. Martin, na jibu langu limekuwa moja kwa miaka mingi: bado.

Kwa wale ambao hawajaingia kwenye balaa hili, nitaeleza kwa ufupi. Kitabu cha kwanza, A Game of Thrones, kilitoka 1996. Cha pili kikatoka 1998, cha tatu 2000. Hapo mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Cha nne kikachukua mpaka 2005, na cha tano, A Dance with Dragons, kikatoka Julai 2011. Tangu hapo tunangoja. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule sasa ananyoa ndevu za kwanza.

Wengi wetu tuliingia kupitia televisheni, kwa zile diski za kunakili zilizokuwa zikiuzwa mjini (mtanisamehe, mshahara ulikuwa mdogo). Kisha mmoja wetu akapata kitabu cha kwanza kwa wauza mtumba, tukaanza kupokezana. Tulikuwa wanne na nakala moja. Ukichelewa kumaliza, unapigiwa simu usiku.

Mimi ni mtengenezaji wa programu, si mhakiki wa fasihi. Lakini kitabu kinachochelewa na programu inayochelewa ni ndugu wa tumbo moja, na kuhusu jambo hili nina maoni ambayo nimeyabeba muda mrefu.

Kwanza tuondoe lile la kompyuta yake. Kila mada hii ikizuka, lazima mtu aseme tatizo ni mashine. Mwaka 2014 Martin alieleza kwenye televisheni kwamba anaandikia WordStar 4.0, programu ya 1987, ndani ya DOS, kwenye kompyuta ambayo haijaunganishwa na intaneti. Alisema hataki programu inayomsahihishia maneno bila kuombwa. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Skrini nyeusi, herufi tu, hakuna barua pepe wala ujumbe wa kuruka mbele ya macho: hiyo ni karakana nzuri kuliko niliyo nayo mimi. Mwandishi hupiga herufi chache kwa sekunde. Hata kompyuta ya enzi hizo hukaa ikimsubiri yeye.

Na tukitaka mfano wa hapa kwetu, tunao. Mwaka 1978 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini Kamiti, aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za choo. Kitabu kilichapishwa 1980. Kwa hivyo tusisingizie vifaa.

Chanzo, kwa maoni yangu, ni kwamba vile vitabu vitano vya kwanza tayari viko mikononi mwetu.

Mtengenezaji yeyote wa programu ataelewa ninachosema. Programu ikiwa bado kwenye mashine yangu naweza kubadilisha chochote saa nane za usiku na hakuna atakayejua. Siku nitakapowapa watu kumi waitumie, nimefungwa. Majina niliyochagua vibaya yanabaki. Namna nilivyohifadhi taarifa inabaki. Kila nitakachoongeza baadaye lazima kikubaliane na makosa yangu ya zamani, kwa sababu kuna watu wanayategemea.

Sasa mwangalie Martin. Alianza akidhani ni vitabu vitatu. Vikaongezeka, na leo mpango ni saba. Baada ya kile cha tatu alikusudia hadithi iruke miaka mitano ili watoto wakue, aliandika hivyo kwa muda, akaona haiendi, akaacha. Sawa, ni haki yake. Lakini wale watoto alikuwa amekwisha kutuachia wakiwa wadogo, kwenye kitabu kilichochapishwa, na hawezi kurudi kuwaongezea miaka. Kisha kitabu cha nne kikanenepa mpaka ikabidi kigawanywe, na hakikugawanywa kwa wakati bali kwa watu: kundi moja la wahusika tukalisoma 2005, kundi jingine 2011, wakati matukio mengi yanakwenda sambamba. Mtu yeyote aliyewahi kugawa hifadhidata mara mbili, halafu akaambiwa aziunganishe bila kupoteza rekodi hata moja, atamwonea huruma. Mimi nimefanya hivyo mara moja na sitaki kurudia.

Yeye mwenyewe husema waandishi ni wa aina mbili, wasanifu majengo na watunza bustani, na kwamba yeye ni wa bustani. Bustani tunazijua sisi wa Nyeri. Unaweza kupogoa upendavyo, mradi mti bado uko shambani kwako.

Linganisha na Tolkien. The Lord of the Rings ilitoka kwa sehemu tatu, mbili mwaka 1954 na ya tatu Oktoba 1955. Wasomaji wa wakati ule walingoja karibu mwaka mzima huku Frodo akiwa ametekwa, na kilichochelewesha kwa sehemu kubwa ni viambatisho vya nyuma. Hadithi yenyewe ilikuwa imekamilika kabla ya sehemu ya kwanza kwenda sokoni. Tena kulikuwa na tatizo la kitabu chake cha 1937, The Hobbit: pale Gollum na pete yake hawakulingana na hadithi mpya. Tolkien akaandika upya sura hiyo, na toleo la 1951 likatoka na kiraka. Kiraka! Martin hawezi kufanya hivyo leo. Mamilioni wameshasoma, wamehesabu mpaka rangi za macho ya farasi, na akibadilisha mstari mmoja watamshika shati.

Kwa hiyo kuchelewa simlaumu nako. Lawama yangu iko kwingine, na ili niieleze inabidi nikiri jambo.

Miaka kadhaa iliyopita niliahidi kutengeneza programu ya kupima kahawa kwa kiwanda kimoja cha ushirika huku kwetu. Mkulima analeta kahawa, inapimwa, kilo zinaingia kwenye namba yake ya mwanachama, anapewa risiti. Kazi rahisi. Msimu mdogo wa Aprili niliwapa toleo la kujaribu, likafanya kazi, watu wakafurahi, wakachapisha namba za wanachama kwenye kadi kwa mtindo niliokuwa nimeubuni mimi. Halafu tukagundua kwamba ushirika una kiwanda cha pili, na namba zinagongana. Kadi zilikuwa tayari mifukoni mwa wazee. Nikaanza kushona viraka.

Karani wa kiwanda, mama mmoja mtaratibu sana, aliniuliza lini itakuwa tayari. Nikasema mwisho wa Septemba. Nikasema hivyo kwa sababu alikuwa ananitazama, na kwa sababu tarehe ni kitu kitamu kukitamka, kinamaliza mazungumzo. Septemba ikapita, nikasema wiki mbili. Msimu mkubwa ukaanza Oktoba bila programu. Kila mwaka wao huajiri vijana wawili wa kuandika madaftari wakati wa msimu. Mwaka ule hawakuwaajiri, kwa sababu kulikuwa na kompyuta inakuja. Nilifika jioni moja nikakuta foleni mpaka barabarani, giza limeingia, yule mama anaandika peke yake kwa mwanga wa taa ya simu. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Kijana, ungeniambia haitakuwa tayari, ningetafuta watu."

Programu ilikamilika Desemba, wakati kahawa nyingi imeshapita.

Nimeifikiria sentensi ile mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichosoma cha uhandisi. Kuchelewa kwangu kungewagharimu kidogo tu, wangeendelea na madaftari yao kama kawaida. Kilichowaumiza ni tarehe, kwa sababu waliipanga maisha yao juu yake.

Sasa rudi kwa Martin uhesabu tarehe. Mwishoni mwa kitabu cha nne, 2005, aliwaambia wasomaji kwamba anatumaini kile kinachofuata kitakuwa tayari mwaka unaofuata. Ikawa miaka sita. Tarehe 2 Januari 2016 alitangaza kwamba ameshindwa kumaliza The Winds of Winter kufikia mwisho wa 2015, baada ya muda wa kwanza wa Oktoba kumpita pia, na mwaka huo televisheni ikampita. Hapo ningesema amejifunza. Lakini mapema 2017 akasema anadhani kitatoka mwaka huo, ingawa aliongeza kwamba alidhani hivyo hivyo mwaka uliotangulia. Mwaka 2019 akatania kwamba asipokuwa nacho mkononi atakapofika New Zealand kwa mkutano wa 2020, wamfungie kwenye kibanda katika kisiwa cha volkano mpaka amalize. Mkutano ukafanyika mtandaoni kwa sababu ya korona, kibanda kikaokoka.

Mwaka 2022 alibadilisha mtindo, akatoa hesabu: kurasa kama 1100 hadi 1200 zimeandikwa, karibu robo tatu ya kazi. Mwaka 2023 akasema ana kurasa kama 1100. Wenzangu wawili walikasirika sana na kauli ile ya pili. Mimi niliipenda. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ananiambia mahali alipo badala ya siku atakayofika. Kwamba kwa mwaka mzima namba haikusogea, au ilirudi nyuma kidogo, ni habari ya kweli, na mtu mzima anaweza kuamua la kufanya nayo. Ningekuwa yule karani, ningeajiri vijana wangu wawili.

Wapo wanaosema msomaji hana haki ya kudai chochote. Mwandishi Neil Gaiman aliwahi kuandika hivyo kwa ukali mwaka 2009 kumtetea Martin: ukinunua kitabu kimoja hujaingia mkataba wa vingine. Nusu yake nakubali. Sisi wanne wa Skuta hatukumwajiri mtu, na kwa nakala moja ya mtumba itakuwa aibu tukijiita wawekezaji. Lakini mwenye kazi akishafungua mdomo na kutaja mwezi, ameingia mkataba mdogo kwa hiari yake, na hapo nina haki ya kununa.

Nyeri hii imewahi kungoja vitabu kwa sababu nyingine kabisa. Riwaya ya Ngũgĩ, Matigari, ilitoka kwa Gĩkũyũ 1986, na mapema 1987 serikali ikazikusanya nakala madukani. Riwaya iliyofuata, Mũrogi wa Kagogo, ambayo ina uchawi na maajabu ya kumtosha hata mpenzi wa mazimwi, ilianza kutoka kwa sehemu mwaka 2004, mwaka ule ule aliporudi nchini baada ya miaka 22 uhamishoni. Kati ya hizo mbili kuna miaka 18. Na wenzetu wanaosoma Kiingereza walipata hadithi nzima 2006, katika kitabu kimoja cha kurasa zaidi ya 700. Ngũgĩ alifariki Mei 2025. Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu ualimu, alisoma sehemu za kwanza kwa Gĩkũyũ, na nilipomweleza habari za Martin na miaka yake, aliuliza kama serikali ya Marekani imemkamata. Nikasema hapana, yuko nyumbani. Akauliza kama ni mgonjwa. Nikasema hapana. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi huyo anaandika."

Mmoja wetu wanne alihamia Nakuru na kusema hangoji tena, amekata tamaa. Bado hunitumia ujumbe kila Januari. Wawili waliobaki wanabishana kama mtu mwingine angeruhusiwa kumalizia, kama Brandon Sanderson alivyomalizia vitabu vya Robert Jordan baada ya Jordan kufariki 2007, akitumia maelezo aliyoacha. Mimi nimewahi kurithi programu ya mtu aliyeacha maelezo kurasa mbili tu, kwa hiyo swali langu huwa moja: maelezo yapo?

Nakala yetu ya A Dance with Dragons iko kwa fundi redio pale steji. Kurasa za mwisho zimeng'oka lakini zote zipo, tumehesabu. Anayetaka kuiazima aje na gundi.