Tableti ya mtoto kwenye simu ya mama: mega zinakwenda wapi?

Katika nyumba nyingi za Kalemie, intaneti inaingia kwa simu moja tu. Mara nyingi ni simu ya mama, au ya mtoto mkubwa aliye na kazi kidogo. Tableti iliyoletwa na ndugu kutoka Lubumbashi, au iliyonunuliwa kwa ajili ya masomo, mara nyingi haina hata nafasi ya karti SIM. Basi kila jioni maneno ni yale yale: "Mama, nipe koneksio." Simu inagawa, tableti inashika, na kisha saa moja malalamiko yanaanza: mega zimekwisha.

Lawama ya kwanza inakwendaka kwa kampuni ya simu. "Wanatuiba," ndivyo watu wanavyosema sokoni na kwenye pikipiki. Inawezekana kampuni zina makosa yao, na tutafika huko. Lakini kuna mlango mwingine ambao mega zinatokea, na uko ndani ya nyumba. Wengi hawajaufunga kwa sababu hakuna aliyewaonyesha uko wapi.

Tableti inafikiri ni Wi-Fi ya bure

Simu ikigawa koneksio inakuwa sawa vile antena ndogo ya nyumba. Inapokea rezo ya 3G au 4G kutoka mnara wa kampuni, kisha inaitoa tena kwa njia ya Wi-Fi ili vyombo vya karibu vishike. Kwa simu za Android zilizowekwa Kifaransa, ingia "Paramètres", tafuta "Partage de connexion" au "Point d'accès mobile". Kwa iPhone ni "Partage de connexion".

Shida inaanzia upande wa tableti. Yenyewe haioni mnara wala forfe uliyonunua. Inaona Wi-Fi tu. Na programu nyingi zimetengenezwa katika nchi ambako Wi-Fi ya nyumbani inalipwa kwa mwezi, bila mtu kuhesabu mega. Kwa hiyo wamezipanga hivi: chombo kikiwa kwenye mega, jizuie; kikiwa kwenye Wi-Fi, fanya yote.

Angalia WhatsApp. Namna inavyokuja kutoka kwa watengenezaji, kwenye mega inashusha picha tu yenyewe. Kwenye Wi-Fi inashusha kila kitu: picha, sauti, video na dokima. Sasa fikiri tableti iliyo katika makundi matano, la kanisa, la darasa, la familia na mengine. Kila video ya mtu inashuka, hata kama hakuna anayeiangalia. Duka la programu nalo linangoja Wi-Fi ili kuzifanya programu zote kuwa mpya. Google Photos nayo, kama imewashwa, inangoja Wi-Fi ili kupeleka picha zote kwenye akiba. Yote hayo yanafanyika kimya, tableti ikiwa juu ya meza.

Kisha kuna video zenyewe. Hapa hesabu ni rahisi. Video inayopita kwa kilobiti 200 kwa sekunde, ile ya picha ndogo isiyo safi sana, inakula mega 1,5 kwa dakika, yaani mega 90 kwa saa. Video inayopita kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula mega 15 kwa dakika, yaani mega 900 kwa saa. Ni mara kumi. Kioo cha tableti ni kikubwa, na programu ikiona rezo ni nzuri inachagua picha safi yenyewe. Mtoto hakufanya kosa lolote. Aliangalia somo lile lile ambalo angeliangalia kwenye simu.

Kufunga mlango

Jambo la kwanza ni kuiambia tableti kwamba Wi-Fi hii inalipwa. Kwenye Android, fungua jina la Wi-Fi ya simu yako, tafuta maneno "Facturé à l'usage", uyachague. Kwenye iPad, washa "Mode données réduites". Android nyingine zinatambua zenyewe kwamba zimeshika simu, lakini si zote, na si kila programu inatii. Kwa hiyo angalia kwa macho yako.

La pili, ndani ya WhatsApp ya tableti, ingia sehemu ya kushusha faili, uondoe alama zote chini ya Wi-Fi. Mtu akitaka video ataigusa mwenyewe.

La tatu, katika Play Store, zima kufanya programu kuwa mpya kwa nguvu zake zenyewe. Fanya kazi hiyo siku ukiwa mahali penye Wi-Fi ya kweli, kwa mfano kazini au chuoni, kwa ruhusa ya wenyewe.

La nne, chagua ubora wa video kwa mkono. Kwa somo la mwalimu anayeandika ubaoni, 240 au 360 inatosha. Kwa sauti tu, 144 inatosha.

La tano, zima kugawa mara kazi inapokwisha. Simu iliyoachwa wazi usiku inaendelea kulisha tableti iliyolala.

Neno la siri na jina lako

Kwetu kumnyima jirani ni jambo zito, na koneksio imeingia katika mambo hayo, sawa na chumvi au maji. Tangu mwaka 2025, nyumba nyingi za mji huu zimepokea pia ndugu waliokimbia vita Kivu Kusini kwa njia ya ziwa, na simu moja inatumika kutafuta habari za watu wengi. Hakuna anayesema tuache kusaidiana.

Lakini laini imeandikishwa kwa jina la mtu mmoja. Mtu akitumia koneksio yako kutukana, kutapeli au kusambaza uongo, anayeangalia kutoka nje anaona laini moja tu, yako. Sheria inayoitwa Code du numérique, ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu makosa yanayofanywa kwa njia ya mtandao. Basi weka neno la siri lenye alama 8 au zaidi, lisiwe tarehe ya kuzaliwa wala namba ya simu. Ukimpa mgeni leo, libadilishe kesho. Simu nyingi zinakuonyesha pia ni vyombo vingapi vimeshika. Ukiona vitatu na nyumbani kuna kimoja, umejua.

Batri nayo ni bei

Kugawa kwa Wi-Fi kunamaliza batri mbio na kunachemsha simu. Kalemie inapata umeme kutoka Bendera, kwenye mto Kyimbi, na kila mtaa unajua siku ambazo kurani haiji. Simu ikizima, mama anapoteza pia pesa yake ya simu, biashara yake na namba ya dharura. Kuna njia mbili za kupunguza. Kugawa kwa Bluetooth ni polepole, lakini kunakula batri kidogo; kwa ujumbe na kusoma kunatosha. Kwa kebo ya USB, kama tableti inaikubali, koneksio ni imara na haipiti hewani, kwa hiyo jirani hawezi kuishika.

Baada ya nyumba, swali la wote

Tukishafunga mlango wa ndani, linabaki swali kubwa zaidi: kwa nini nyumba nzima inaning'inia kwenye simu moja?

Kebo ya baharini ya WACS ilifika Muanda, kwenye Atlantiki, upande wa pili kabisa wa nchi. Kutoka huko hadi ziwa Tanganyika safari ni ndefu, na kila kilomita ina bei. Mjini Kalemie tunalalamikia 4G, lakini katika vijiji vingi vya Moba, Nyunzu au Manono watu wanapanda kilima ili kupata rezo ya kupiga simu tu. Huko kugawa ni kugawa kile ambacho hakipo.

Serikali nayo iliwahi kuongeza mzigo. Kuanzia Septemba 2020, kodi ya RAM ilikatwa kwenye unite za watu, ikafika hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G. Watu walipinga, vijana wa LUCHA wakiwa kati yao, na mwaka 2022 kodi hiyo ikaondolewa. Na tusisahau tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, wakati intaneti ilipokatwa nchini kwa karibu siku 20. Nyumba yenye kamba moja tu, kamba ikikatwa, yote yanasimama.

Wengine wanaitazama Starlink. Machi 2024 ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ilitangaza kwamba haina ruhusa nchini. Mei 2025 ikapewa leseni. Ni mlango mpya, lakini unaanza kwa kununua chombo chenyewe, kisha malipo ya kila mwezi na umeme wa kudumu. Kwa shule, kituo cha afya au parokia inayochanga pamoja, inaweza kufaa. Kwa mama anayenunua mega za siku moja, bado simu yake ndiyo mnara wa nyumba.

Malalamiko yenye hesabu

Ndiyo maana tunashauri jaribio la jioni moja. Uliza kampuni mega ulizo nazo, uandike kwenye daftari. Gawa koneksio kwa saa moja, kisha uzime. Uliza tena, uandike. Halafu fungua "Consommation des données" kwenye simu. Android nyingi zina mstari wa pekee unaoonyesha mega zilizotoka kwa kugawa. iPhone nayo inauonyesha katika sehemu ya data za simu.

Hesabu ya simu na hesabu ya kampuni zikikaribiana, mega zimeliwa nyumbani, na sasa unajua mlango wa kufunga. Zikiachana sana, fanya hivyo tena jioni nyingine mbili. Kisha nenda kwenye ofisi ya kampuni yako hapa mjini na daftari mkononi, uombe jibu la maandishi. Wasipojibu, kusimamia soko hilo ni kazi ya ARPTC. Mtu mmoja akisema "wanatuiba" anaweza kuambiwa hajui kutumia simu. Mtaa mzima ukileta madaftari ishirini yenye tarehe, saa na namba, kampuni italazimika kueleza.