Bibi mwenye nyonga ya chuma akianguka

Bibi wa Kayanga au Nkwenda aliyewekewa nyonga bandia akishatembea bila maumivu, familia husahau upesi kwamba ndani ya paja lake kuna chuma. Hukumbuka siku anapoteleza kwenye migomba baada ya mvua na mguu ukakataa kumbeba.

Hapo wengine humwita fundi wa kuunga mifupa aje avute na kufunga vijiti, kama alivyomfanyia mtoto aliyeanguka kwenye mparachichi. Hili si paja la namna hiyo. Nyonga bandia ina kichwa cha duara juu, na chini yake chuma kirefu kilichozamishwa katikati ya mfupa.

Madaktari huzipima ajali hizi kwa mfumo uliotolewa mwaka 1995 na Duncan na Masri wa Vancouver, Kanada. Kundi A ni mvunjiko wa vinundu vya juu ya paja. Usiposogea sana, mara nyingi hauhitaji kisu. Kundi C ni chini, mbali na ncha ya chuma. Mfupa huungwa kwa bamba na skrubu, nyonga ikaachwa ilivyo.

Kazi iko kundi B, mvunjiko ulio kando ya chuma au karibu na ncha yake. Chuma kikiwa bado kimeshika (B1), bamba na nyaya hutosha. Kikiwa kimelegea lakini mfupa ni mzuri (B2), kwa kawaida hutolewa, kikaingizwa kirefu zaidi. Kikilegea na mfupa wenyewe umeliwa (B3), huo ni upasuaji mzito, na safari yake huenda ikawa ya Bugando, Mwanza, au MOI, Dar es Salaam.

Tatizo ni kwamba B1 na B2 hufanana sana kwenye picha. Bamba likifungwa juu ya chuma kilicholegea, kazi yote inaweza kufeli na bibi akarudi mezani. Ndiyo maana picha ya zamani ni mali: huonyesha kama chuma kimezama tangu kilipowekwa. Itunzwe pamoja na karatasi za upasuaji, isiachwe darini ikaliwa na panya.

Mguu usichuliwe wala kunyooshwa. Ufungwe ulivyo, na bibi abebwe amelala, si kwa bodaboda. Anayemsindikiza awe yule anayelala naye chumba kimoja, maana daktari atauliza: kabla ya kuanguka, alikuwa akilalamika paja anapoinuka kwenye kiti?