Si karuho, ni moyo: na dawa yake isije tena katika mfuko wa msafiri

Ndugu wasomaji wa Bukavu na wa Kivu ya Kusini yote, leo sileti habari ya barabara wala ya umeme. Leo ninagombana. Ninagombana na neno moja: karuho.

Hapa kwetu mtu akikohoa usiku, akakonda mabega na kuvimba miguu, jibu liko tayari kabla dokta hajamgusa. Amepewa karuho. Amelishwa sumu katika bia, katika chakula cha matanga, katika maziwa. Kisha jamaa wanaanza kumtafuta aliyempa: mke mwenza, shemeji, jirani mwenye wivu. Mgonjwa anapelekwa kwa mganga, ananyweshwa miti ya kutapisha, anatapika siku tatu. Akifa, wanasema sumu ilikuwa kali. Hakuna anayeuliza kama moyo wake ulikuwa bado unasukuma damu.

Sikatai kwamba sumu iko duniani. Ninakataa kwamba kila mguu uliovimba ni sumu. Kuna ugonjwa wa misuli ya moyo. Moyo ni nyama, tena nyama inayofanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Nyama hiyo ikidhoofika, moyo unatanuka kama mpira uliovutwa kupita kiasi, na hauna tena nguvu ya kusukuma damu. Maji yanarudi nyuma. Yakijaa katika mapafu, mgonjwa anakohoa na hawezi kulala chali. Yakishuka miguuni, viatu vinakataa kuingia. Mtu anakonda huku anavimba. Angalieni vizuri: ndizo dalili zilezile ambazo mtaani tunaziita karuho.

Kwa wanawake kuna aina moja ya ugonjwa huu inayotokea mwishoni mwa mimba au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kuzaa. Inaweza kumkuta hata mama ambaye hakuwahi kuugua moyo maisha yake yote. Afrika inaijua. Kaskazini mwa Nigeria imeonekana kwa mama mmoja hivi kati ya 100 wanaozaa. Afrika ya Kusini ni karibu mmoja kati ya 1000. Mimi ninayeandika hapa ni mmoja wa akina mama hao.

Mtoto wangu alikuwa na wiki saba. Kituo kimoja cha afya kilisema ni malaria, kikaniwekea serumu. Serumu! Mtu aliyejaa maji anaongezewa maji. Jamaa walikuwa wameshapata jina la mtu wa kulaumiwa, na mama huyo wa watu hadi leo hapiti mbele ya nyumba yetu. Kilichoniokoa ni ekografi ya moyo. Ekografi inatoa namba moja: katika damu 100 iliyoingia ndani ya moyo, ngapi zinatoka moyo unapopiga mara moja. Moyo mzima hutoa 55 au zaidi. Wangu ulikuwa unatoa 26. Nionyesheni mganga wa karuho anayeweza kuisoma namba hiyo.

Nilianzishiwa dawa nne: furosemidi ya kutoa maji, spironolaktoni, enalaprili na bisoprololi. Si dawa za ajabu. Ni za zamani, bei yake inawezekana, na zote nne ziko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Katika miaka miwili namba yangu ilitoka 26 ikafika 35, ikasimama hapo. Niliweza kurudi kazini, lakini kupanda Kadutu kwa miguu kulinilazimisha kupumzika mara tano, na kusoma habari za dakika tano hewani bila kukata pumzi ilikuwa vita.

Hapo ndipo dokta wa moyo aliponiambia juu ya dawa mpya, dapagliflozini. Ilianza kama dawa ya kisukari: inafanya figo zitupe sukari katika mkojo. Madokta wakaona kwamba wenye kisukari wanaoimeza, mioyo yao inatulia. Wakajaribu kwa wagonjwa wa moyo, wenye kisukari na wasio nacho. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Watu 4744 walifuatwa kwa muda wa kama mwaka mmoja na nusu, nusu wakipewa dawa, nusu wakipewa kidonge kisicho na dawa ndani. Kati ya 100 waliokosa dawa, 21 walikufa kwa ajili ya moyo au walizidiwa hadi kuhitaji matunzo ya haraka. Kati ya 100 waliopewa dawa, walikuwa 16. Watu watano kati ya 100. Kwa anayesoma takwimu ni kidogo. Kwa watoto wa watano hao ni kila kitu.

Nimeimeza miezi minane sasa, kidonge kimoja kila asubuhi. Sitawadanganya. Mwanzoni nilikwenda chooni mara nyingi na kiu ilinisumbua. Wiki ya tatu nilipata muwasho wa sehemu za siri, jambo ambalo dawa hii huleta kwa wanawake wengine, na pomada iliumaliza. Mwezi wa pili nilianza kulala na mto mmoja badala ya mitatu. Kadutu ninapanda nikipumzika mara mbili. Ekografi ya mwisho ilisema 41. Si muujiza. Bado mimi ni mgonjwa, na dawa zangu nne za zamani bado ninazimeza, kwa sababu hii mpya inaongezwa juu yake, haizifukuzi. Anayewaambia kwamba kidonge kipya kinaponya moyo kabisa ni mwongo sawasawa na muuza karuho.

Tena si dawa ya kuchezea. Inatoa maji na sukari mwilini. Mgonjwa akiharisha, akitapika au akikaa bila kula na kunywa, inaweza kugeuka hatari, na dokta huisimamisha kwa siku hizo. Kwa hiyo ninasema na wachungaji wetu kwa heshima yote: ukimwamuru mgonjwa wa moyo afunge siku tatu kavu, bila maji, unacheza na roho yake. Na ukimwambia atupe vidonge kama alama ya imani, fahamu kwamba matanga utayahubiri wewe.

Sasa niseme na wale wenye uwezo wa kubadilisha mambo. Sanduku langu la kwanza la dawa hii lilikuja katika mfuko wa binamu aliyetoka Nairobi. La pili vilevile. Mwezi mmoja msafiri alichelewa, nikakaa siku 11 bila kidonge, na maji yakarudi miguuni. Nilizizunguka komini zetu tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira, farmasi kwa farmasi. Moja tu ilikuwa nayo, kwa bei zaidi ya mara mbili ya ile ya Nairobi, sanduku limekaa juani hadi maandishi yamefifia. Mimi nina binamu. Mama anayeuza sambaza sokoni ana nani?

Ninajua majibu yatakayotolewa, maana kazi yangu ni kuyasikiliza kila siku kwenye mikrofoni.

Watasema ni ghali kwa sababu ni mpya. Si kweli tena. Huko India, haki ya kampuni moja juu ya dawa hii iliisha mwaka 2020, viwanda vingi vikaanza kuitengeneza na bei ikashuka sana. Na Kongo yetu, kwa kuwa imehesabiwa kati ya nchi maskini zaidi, inaruhusiwa na makubaliano ya biashara ya dunia kutolinda haki za kampuni juu ya dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Mlango uko wazi. Anayekosekana ni mtu wa kuupita.

Watasema ni ugonjwa wa wazungu wazee. Mwaka 2012 ulitolewa uchunguzi wa wagonjwa 1006 waliolazwa kwa kushindwa kwa moyo katika nchi tisa za Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, wakati huko Ulaya wengi wao wamepita 70. Kwetu moyo unaangusha watu ambao bado wanalea watoto. Kongo haikuwa katika nchi hizo tisa. Na ule uchunguzi wa dawa wa mwaka 2019 ulifanyika katika nchi 20, hakuna hata moja ya Afrika. Kuna madokta wanaosema, basi tungoje ijaribiwe kwetu kwanza. Ninawajibu: wahesabuni wagonjwa wetu, wafuateni, andikeni yanayowapata, lakini msiwaache wafe wakingoja kuhesabiwa. Figo ya Mushi na figo ya Mdenmark zinatengeneza mkojo kwa njia moja.

Watasema kuna vita. Ni kweli, kuna vita, na ninayeandika ninalala nikisikia milio kama ninyi. Lakini bia inafika. Simu mpya zinafika. Vipodozi vya kuchubua ngozi vinafika. Barabara inayopitisha kreti za bia haiwezi kushindwa na sanduku la vidonge 30. Na kabla ya milio hii, je, ahadi ya Abuja ya mwaka 2001, ile ya kuweka 15 kwa 100 ya bajeti katika afya, ilitimizwa?

Watasema serikali imekwisha kuwasaidia akina mama, kwa kuwa mwezi wa 9 mwaka 2023 ilizindua huko Kinshasa mpango wa kuzaa bila malipo. Ni mpango mzuri, na ninauunga mkono. Lakini moyo huu mara nyingi unaanguka mama akiwa amerudi nyumbani, kitenge kipya mgongoni, wageni wameshakula na kuondoka. Wakati huo hakuna mpango unaomtazama. Yuko mama mkwe tu anayemwambia aache uvivu, na baada ya mwaka anamwuliza mimba nyingine iko wapi. Wakwe zetu, sikilizeni: moyo ambao haujarudia nguvu zake unaweza kusimama katika mimba inayofuata, na baadhi ya dawa tunazomeza hazipatani na mimba. Mtoto mmoja mwenye mama ni bora kuliko yatima wawili.

Basi ninaomba mambo matatu, na ninayaomba kwa sauti.

La kwanza, kila kituo cha afya kiandike ukutani sheria hii: mama aliyezaa tangu muda usiopita miezi mitano akikosa pumzi au akivimba miguu, moyo wake uangaliwe kabla ya kumwekea serumu. Kama ekografi haipo, apelekwe ilipo siku hiyohiyo.

La pili, ghala la dawa la jimbo na hospitali kuu ziwe na dawa nne za zamani kila mwezi, bila kukatika, na hii ya tano pamoja nazo. Bei ibandikwe mlangoni ili kila mkaaji aisome. Dawa kuandikwa katika orodha ya wizara ni kitu kimoja. Kuonekana kwenye rafu ya farmasi ni kitu kingine.

La tatu linatuhusu sisi wenye mikrofoni. Redio zetu zinapokea feza za matangazo ya waganga wanaotibu karuho, kisukari, tansio na ugumba kwa chupa moja. Tunayasoma kwa sauti nzuri, baada yake tunasoma vifo. Wakurugenzi wa redio, ninajua mishahara ni midogo na mazuti ya jenereta ni ghali. Lakini feza hizo zina harufu ya maiti. Tukatae matangazo hayo, na dakika zake tuwape madokta na wagonjwa waseme.

Ninyi wasomaji mna kazi ndogo kuliko hizo zote, nayo inaanza usiku huu. Dada yako akikuambia kwamba akilala anakohoa na pumzi inakatika, usimwulize alikula kwa nani. Mwulize analala na mito mingapi. Akisema mitatu, mshike mkono, mpeleke hospitali.

Kutoka Bukavu, mwandishi wenu wa redio.