Tanzania: ADHD ukubwani na swali la "makusudi" katika ndoa

Mume ameahidi kulipa ada ya mtoto kabla ya Ijumaa. Fedha anazo, na nia anayo. Ijumaa inapita, mtoto anarudishwa nyumbani, na baba anaikumbuka ahadi yake pale tu anapomwona mwanawe mlangoni na begi mgongoni. Mke haulizi tena sababu. Ameshahitimisha kwamba mumewe hamjali.

Malalamiko ya namna hii si mageni kwa wazee na viongozi wa dini wanaosuluhisha wanandoa nchini Tanzania. Katika baadhi ya ndoa hizo, kinachosomwa kama dharau huenda ni dalili za ADHD, hali ya upungufu wa umakini inayoambatana na kukosa utulivu na kutenda kabla ya kufikiri. Kwa muda mrefu hali hii ilihusishwa na watoto watukutu shuleni. Hata hivyo, uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kuwa takriban asilimia 2.6 ya watu wazima duniani wanaishi nayo tangu utotoni.

Umakini usiotii amri

Mwenye ADHD hana upungufu wa akili. Ugumu wake uko katika kuuongoza umakini, kukadiria muda na kukumbuka jambo kwa wakati linapohitajika. Umakini wake huvutwa na jambo jipya, la dharura au linalompendeza, na huyakimbia majukumu ya kila siku yasiyo na msisimko.

Hapo ndipo mwenza anapochanganyikiwa. Mtu asiyeweza kusikiliza mazungumzo ya dakika tano kuhusu kodi ya nyumba anatazama mpira dakika 90 bila kupepesa macho. Aliyesahau miadi ya kliniki ndiye yule yule aliyekuwa akipiga simu mara kumi kwa siku wakati wa uchumba. Mke anaona ushahidi kwamba mumewe akitaka anaweza, na kwamba siku hizi hataki.

Taratibu mmoja anajitwika mzigo wa kukumbuka kila kitu: ada, dawa, madeni, hata siku za misiba na harusi za ukoo. Anageuka mlezi, na mwenzake anakuwa mtoto wa kukaripiwa. Anayekaripiwa hujifunza kuficha makosa na wakati mwingine kusema uongo ili kukwepa ugomvi. Uongo huo nao unakuwa kosa jipya, zito kuliko lile la kusahau.

Kwa wanawake hukumu huwa kali zaidi. Wasichana wengi wenye hali hii hawasumbui darasani. Huketi kimya huku mawazo yakiwa mbali, hivyo hawatambuliwi. Wakiolewa, chakula kinachoungua na nyumba isiyo na mpangilio hupewa jina moja tu: uzembe.

Sheria inauliza nia

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaelekeza kuwa, isipokuwa katika mazingira maalumu, anayeomba talaka apitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa. Kifungu cha 107 kinataja mambo yanayoweza kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Miongoni mwake ni kutelekeza kwa makusudi. Jambo jingine ni ugonjwa wa akili ambao angalau madaktari wawili, mmoja wao akiwa na ujuzi wa magonjwa ya akili, wamethibitisha kuwa hauna matumaini ya kupona.

ADHD inaangukia katikati ya mambo hayo mawili. Anayesahau hakukusudia, na hali yake haimwondolei uwezo wa kubadilika. Baraza lisiloifahamu litaona makusudi kwa sababu ndiyo maelezo yaliyo karibu, na ndoa ambayo pengine ingeokolewa itapelekwa mahakamani.

Tiba na mipaka yake

Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani, toleo la 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, na zijitokeze katika mazingira zaidi ya moja. Tanzania ina Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma na idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, lakini kwa mkazi wa kijijini huko ni mbali. Dawa nazo si rahisi kuzipata. Methylphenidate, mojawapo ya zinazotumika zaidi, iko chini ya udhibiti wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, na mwaka 2019 na 2021 Shirika la Afya Duniani halikuiongeza katika orodha yake ya dawa muhimu.

Hata hivyo, msaada hauanzii kwenye kidonge peke yake. Majukumu yaliyoandikwa ukutani, kengele ya simu, na ada inayolipwa siku ile ile mshahara unapoingia hupunguza ugomvi mwingi. Sharti ni kwamba mwenye hali hiyo azisimamie mwenyewe mbinu hizo, asimwachie mwenzake kazi ya kumkumbusha akumbuke. Jina la kitabibu linaeleza kosa bila kulifuta, na halimpi mtu yeyote ruhusa ya kumpiga mwenza wake au kuitelekeza familia.

Kwa wasuluhishi, maswali mawili yangeweza kubadili mwelekeo wa shauri: je, mtu huyu alikuwa hivi tangu utotoni? Na je, kazini nako husahau, huchelewa na kuacha mambo nusu? Majibu hayatoshi kuwa utambuzi wa daktari. Yanatosha kuwashauri wanandoa wamwone mtaalamu kabla ya kutengana.