Tiba imfuate mgonjwa kijijini

Ijumaa hii tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya mgonjwa aliye mbali: yule ambaye zahanati ya karibu naye ni mwendo wa nusu siku kwa miguu, na nauli ya pikipiki inazidi kipato chake cha siku nyingi.

Waislamu si wageni wa jambo hili. Katika Vita vya Khandaq, Bibi Rufaida al-Aslamiyya (r.a.) alikuwa na hema la kutibia majeruhi, na humo ndimo alimolazwa Sa'ad bin Muadh (r.a.). Katika karne ya 10 Miladia, huko Baghdad, waziri Ali bin Isa alimwandikia tabibu Sinan bin Thabit akimtaka awafikirie wanavijiji wa Sawad, katika mashamba ya Iraq, ambao hawakuwa na tabibu. Matabibu wakatumwa na shehena ya dawa, wakae kila mahali kwa kadiri ya haja, kisha wahamie pengine. Walipofika kwenye wakazi wengi wa Kiyahudi waliuliza iwapo nao watibiwe. Waziri alijibu kuwa kuwatibu ni sawa, ingawa Waislamu watangulie. Sisi leo hatuna sababu ya kumtanguliza yeyote ila aliyezidiwa zaidi.

Hapa Tanzania kazi hiyo huitwa huduma za mkoba. Muuguzi hutoka na kisanduku cha baridi, chanjo zikitunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, akaenda kuchanja watoto, kuwapima uzito na kuwaangalia wajawazito chini ya mwembe au katika ofisi ya kijiji. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati. Hata hivyo, vipo vijiji ambavyo bado havina, na kwa hao mkoba ndio hospitali.

Tunachokiona kuwa tatizo si uchache wa sherehe za kukabidhi magari. Gari likizinduliwa kwa vifijo, kisha likaegeshwa kwa kukosa mafuta na tairi, limemdhuru mwanakijiji mara mbili: dawa hakupata, na siku nyingine akiitwa hatakuja. Mtoto anahitaji chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mwenye shinikizo la damu anahitaji vidonge kila siku. Kambi ya siku moja inayompima mtu, ikamwambia anaumwa, kisha isirudi tena, humwachia hofu bila tiba.

Tunayo desturi njema ya kuchimba visima na kujenga misikiti. Basi na tuongeze wakfu wa mafuta, matengenezo na posho za wauguzi. Nyumba ya kupangisha mjini ikiwekwa wakfu, kodi yake yaweza kugharimia safari ya kila mwezi. Jambo hili lifanywe pamoja na mganga mkuu wa wilaya, ili ratiba ijulikane, dawa ziwe zilizosajiliwa, na aliyezidiwa apewe rufaa. Maimamu nao watangaze tarehe baada ya Swala ya Ijumaa.

Nanyi kina baba, msingoje uchungu uanze ndipo mshauriane. Tangu 1994 wataalamu walieleza kuwa vifo vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua, wa kufika na wa kuhudumiwa. Gari na mkoba vyaweza kupunguza ule wa pili. Ule wa kwanza umo majumbani mwetu.

Qur'an Tukufu, katika Suratul Maida aya ya 32, imemfananisha aliyeokoa nafsi moja na aliyewaokoa watu wote. Nafsi hiyo haikutajwa kuwa ya mjini wala ya mwenye nauli.